Miguu Iliyokwenda Pwani

Kila nipitapo kwenye banda la fundi wa katambuga za tairi, njia ya kwenda sokoni, hupunguza mwendo. Sinunui. Ni ile harufu ya tairi kuukuu likikatwa kwa kisu kilichopashwa moto, harufu kali yenye moshi, inayokwama kooni. Vijana huziba pua wakapita mbio. Mimi husimama nikaivuta, na kabla sijatoa pumzi nimekwisha kumwona Bibi yangu, mama yake baba, ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yetu kule Puge, kanyoosha miguu juani kama mtu aliyeanika mahindi.

Nyinyi wa rika langu, ambao siku hizi tukikutana hatuulizani tena habari za watoto ila za magoti na nyayo, na ambao mkitumwa kliniki ya miguu mnatafuta kila kisingizio cha kuahirisha, acheni niwasimulie habari za miguu ile. Zilikuwa zama za Mwingereza, nami nilikuwa mtoto wa kutumwa kuni na maji, meno ya mbele yametoka na mengine hayajaota.

Miguu ya Bibi ilikuwa mipana, vidole vimeachana, visigino vimepasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Ilikuwa imefika pwani. Hilo kila mtu kijijini alilijua. Zamani, kabla ya reli, Bibi akiwa msichana ambaye hajaposwa, alifuatana na kaka yake katika msafara wa wapagazi. Kaka alibeba pembe ya ndovu begani, yeye vyungu na mkeka kichwani. Walitoka Unyanyembe wakapita misitu, wakapita nyika ya Ugogo yenye kiu, mpaka wakaiona bahari. Kwetu Unyamwezi, zamani zile, mwanamume ambaye hajafika pwani alihesabiwa kuwa bado mtoto. Sembuse mwanamke aliyefika! Watu walipomwamkia Bibi, macho yao yalishuka kwanza miguuni pake, ndipo yakapanda usoni.

Safari ya kwenda aliisimulia mara nyingi, na kila mara aliongeza mto au simba. Safari ya kurudi hakuisimulia. Ukimwuliza alisema, "Tulirudi," basi.

Lakini lililonishangaza mimi si bahari. Ni kwamba miguu ile haikuumia. Kaa la moto likiruka kutoka jikoni, Bibi alilizima kwa kisigino huku anaendelea kuzungumza. Siku moja alirudi shambani na mwiba wa mgunga umezama kwenye unyayo, sehemu nyingine inachungulia nje kama msumari, naye hana habari. Mimi ndiye niliyeuona.

"Bibi, huumii?"

Aliutazama ule mwiba kwa muda, kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha jirani. Kisha akaung'oa, akautupa motoni.

"Maumivu niliyaacha pwani, mjukuu wangu."

Nilimwamini kabisa. Nilidhani maumivu ni mzigo kama mizigo mingine: unautwika, unakwenda nao, ukifika ufukoni unautua Waarabu wakaupima, nawe unarudi mikono mitupu. Niliwatambia wenzangu kisimani kwamba Bibi yangu ana miguu ya chuma, na kwamba mimi, damu yake, nikikua kidogo nami nitakuwa nayo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulielewa. Sisi wote tulikula chungu kimoja, tukinawa bakuli moja, lakini Bibi alipakuliwa peke yake. Alikuwa na sahani yake ya bati na kibuyu chake cha maji, na Mama aliviosha mbali na vyombo vingine. Nilidhani ni heshima ya uzee. Nilimwonea wivu. Sikuona kwamba Mama alipokuwa akimtengea, hakumtazama machoni.

Baba hakuwapo. Alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge huko pwani, na alirudi mara moja kwa mwaka, pengine asirudi. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya wanawake watatu, kama na mimi naweza kuhesabiwa: Mama, Bibi, na Kalunde, ndiye mimi.

Jioni moja, jua likiwa bado lipo, Mama akitwanga upande wa nyuma, mimi na Bibi tulikuwa tunachoma karanga. Kijinga cha moto kikakatika, makaa yakatawanyika. Bibi akalikanyaga moja. Nikaona saa yangu imefika. Nikalikanyaga jingine, kwa nguvu, kama yeye.

Sitausahau mlio nilioutoa. Mama alitupa mchi akaja mbio, akaninyanyua, akaniketisha chini, akaushika mguu wangu akiumwagia maji. Nilikuwa nalia hata pumzi zinapotea. "Umefanya nini? Umefanya nini, mwanangu?" Nami nikawa namwonyesha Bibi kwa kidole, nikisema kwamba na yeye amekanyaga, mbona yeye halii.

Mama akageuka. Bibi alikuwa ameketi vilevile, ameuvuta mguu wake chini ya kanga.

"Mama," mama yangu alimwambia mkwewe, kwa sauti ya chini sana, "nipe mguu nione."

"Hauna kitu."

"Nipe nione, Mama."

Mama yangu aliifunua kanga mwenyewe. Kaa lilikuwa bado limeganda kwenye unyayo. Na kando yake, chini ya kidole kikubwa, kulikuwa na shimo. Lilikuwa donda la siku nyingi, limezibwa kwa masizi na majani yaliyopondwa, na harufu iliyotoka pale niliijua. Nilikuwa nikiisikia kila nilipolala karibu na Bibi na nikidhani ndiyo harufu ya wazee. Mama aliushika mguu wa mtoto anayelia kwa mkono mmoja, na mguu wa mzee aliyenyamaza kwa mkono wa pili, akaitazama, akaitazama tena. Kisha machozi yakamtoka.

Usiku huo na siku zilizofuata nilisikia wakinong'onezana, na neno lililorudi mara kwa mara lilikuwa ukoma. Mimi nilidhani linatokana na kukoma. Nikajiambia, kumbe Bibi amefika mwisho wa safari zake, hatakwenda tena popote, na ndiyo maana wanahuzunika.

"Ukinipeleka Tabora," nilimsikia Bibi akisema, "hutarudi na mimi. Wataukata, au watanipeleka huko wanakowafungia watu. Niache nioze kwangu."

"Kama ni hilo, litakuwa ni hilo," Mama alijibu. "Lakini mumeo alikufa mimi sipo, na mwanao yuko mkonge. Wewe ukifa na donda mimi nikiwa nalitazama, nitamwambia nini?"

Walibishana, wakanuniana. Mwishowe lililoamua ni mguu wangu mimi. Ulivimba ukatoa maji, na Mama akasema mtoto lazima apelekwe hospitali, na mtoto hawezi kwenda bila bibi yake wa kumbembeleza. Bibi alijua kwamba huo ni mtego. Aliingia mwenyewe.

Tulikwenda kwa lori lililopakia mtama. Tabora tulifikia Gongoni, nyumbani kwa Fundi Rajabu, ambako Baba alizoea kulala akisubiri treni. Mkewe, Bi Zaituni, alitupokea kama tuliotarajiwa. Alitutandikia mkeka barazani, akaleta maji ya kunawa, wala hakuuliza kwa nini mgeni wake mkubwa amefunga mguu matambara. Asubuhi yake Fundi Rajabu aliondoka mapema na mfuko begani. Sikujua aendako.

Siku ya miguu pale hospitali ilikuwa Alhamisi. Nyuma ya majengo makubwa kulikuwa na nyumba ndefu ya bati, na kwenye veranda yake watu wamepanga foleni, kila mtu na mguu wake: aliyejifunga gunia, aliyejipaka samadi, mwenye kidole kilichobakia nusu. Mama alienda kutafuta maji. Mwanamke aliyekaa karibu nasi, mwenye bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko, alimwegemea Bibi.

"Mara ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Basi sikiliza, mama yangu. Watakufunika macho wakuguse na unyoya. Ukisema husikii, umekwisha. Kambini. Wewe kila mara sema nasikia."

"Nitajuaje kama wamenigusa?"

Yule mwanamke akainua mabega. Inaelekea maarifa yake yaliishia hapo.

Bibi aliitazama foleni iliyobaki mbele yetu. Kisha akanivuta kwake, akaninong'oneza sikioni kwa Kinyamwezi ili mtu mwingine asisikie. "Kalunde, utanishika mkono. Kila akinigusa mguuni, nibane. Umeelewa?"

"Ni mchezo?"

"Ni mchezo. Tukishinda, tunarudi Puge kesho."

Nilifurahi. Mguu wangu ulikuwa unauma na nilitaka kwetu.

Ndani kulikuwa na meza, benchi na beseni la maji ya rangi ya zambarau. Daktari alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, ambaye Kiswahili chake kilikwenda polepole lakini hakikujikwaa. Pamoja naye alikuwa dresa, msaidizi wake wa kuosha na kufunga vidonda, mtu wetu wa huku huku, akiitwa Bwana Yohana, mikono ya shati imekunjwa. Mama alimwamkia, "Shikamoo, Bwana Dresa," naye akaitikia marahaba, akamwamkia Bibi shikamoo kwa kuinama kidogo, kisha akatushangaza: alipiga goti chini akaanza kumvua Bibi matambara mwenyewe. Hakukunja uso kwa harufu.

"Umepaka nini hapa, Bibi?"

"Masizi. Na majani."

"Kwa nia njema. Lakini sasa daktari haoni donda, anaona masizi. Mgonjwa akija kwetu, aje na donda lake kama lilivyo." Akauingiza mguu kwenye beseni, akauosha taratibu mpaka maji yakawa meusi.

Kisha Daktari akaketi kwenye kistuli. Bwana Yohana akamfunika Bibi macho kwa ncha ya kanga yake mwenyewe.

"Nikikugusa, wewe sema hapo," alisema Daktari.

Unyoya ukagusa kidole. Nikabana. "Hapo," alisema Bibi. Ukagusa kisigino. Nikabana. "Hapo." Daktari akainua nyusi. Ukagusa kando ya donda kabisa, nami nikabana, na Bibi akasema, "Hapo, nasikia vizuri." Tulikuwa tunashinda. Mama alisimama ukutani, na nilimwona uso wake ukianza kukunjuka. Yeye hakuujua mchezo wetu.

Ndipo nikatazama upande. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi nusu, na ndani yake, kwenye rafu, niliona miguu.

Ilikuwa mingi, ya kahawia, imekatwa juu kidogo ya kifundo, imepangwa midogo kwa mikubwa, vidole vimenielekea. Nikajua sasa ile miguu wanayokata huwekwa wapi. Sikuweza kupiga kelele. Niliubana mkono wa Bibi kwa nguvu zangu zote.

"Hapo!" alisema Bibi.

Nikabana tena.

"Hapo! Na hapo! Hapo tena!"

Daktari alikuwa ameuinua unyoya juu, usawa wa kifua chake, hajagusa kitu. Bwana Yohana alitazama unyoya, akatazama mkono wangu ulivyoganda kwenye mkono wa Bibi, akauelewa mchezo wote. Aliiondoa kanga machoni pa Bibi kwa upole, kama mtu anayemwamsha mtoto.

"Bibi," alisema, "hatujakugusa."

Bibi aliutazama ule unyoya. Nilidhani atakasirika. Badala yake mabega yalimshuka, akawa mdogo ghafla, akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia. Kwa makaa hakulia, kwa mwiba hakulia. Mama alitoka ukutani akaja akamshika.

Wakati huo Fundi Rajabu, mwenyeji wetu wa Gongoni, alitokea kwenye kile chumba cha pili, kashika mguu mmoja mkononi. Nami sasa sauti ikanitoka. Nililia kwamba wameukata, wameukata, na alipofahamu nasema nini alikuja akachuchumaa mbele yangu, akaugonga ule mguu kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko. Ulikuwa mti. Mninga.

"Hii ni kalibu yangu ya kushonea viatu, mjukuu. Gusa. Kila Alhamisi nakaa humu ndani nawashonea watu. Miguu ya watu wanaondoka nayo wenyewe."

Niligusa. Ulikuwa laini na wenye joto la mkono wake. Lakini Bibi bado alilia, na Daktari hakumharakisha. Alisubiri. Alipouliza, aliuliza neno moja tu: "Kwa nini, Mama?"

Hapo ndipo tuliposikia habari za safari ya kurudi. Bibi alizungumza Kinyamwezi, Bwana Yohana akimfasiria Daktari, na Mama akisikiliza mdomo wazi maana hata yeye alikuwa hajawahi kuisikia. Kaka yake Bibi, walipokuwa wanarudi na mizigo ya nguo, alichomwa na kitu mguuni. Mguu ukavimba. Alijikaza siku kadhaa. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kweli, akamwendea kirangozi, yule anayetangulia mbele ya msafara, akamwambia, mguu wangu ni mbovu, sisikii tena nikikanyaga. Asubuhi yake mzigo wake ukagawiwa wengine. Akaachiwa unga kidogo na kibuyu cha maji kando ya njia. Bibi alitaka kubaki naye. Wakamwinua kwa nguvu, mkeka kichwani.

"Alinipungia mkono," alisema Bibi. "Hakulia. Akasema nitawafuata nikipata nafuu. Tukakata kona. Tangu siku ile najua. Ukisema mguu ni mbovu, unaachwa."

Bwana Yohana alipomaliza kufasiri aliinama chini akijishughulisha na beseni ambalo halikuwa na shughuli. Daktari aliivuta stuli yake ikawa karibu kabisa, akaushika mguu wa Bibi kwa mikono miwili, donda na vyote, akauweka juu ya paja lake, juu ya gauni lake jeupe.

"Hapa si msafara," alisema. "Hapa ndipo msafara unaposimama kumngoja mtu."

Kisha akampima upya, kwa haki sasa. Alimbonyeza mishipa ya nyuma ya goti na ya kiwiko, akamtazama masikio na mgongo, akamkwangua kidogo ngozini. Tuliporudi Alhamisi nyingine, alitupa majibu. Hakuficha neno. Ndiyo, alisema, ni ukoma. Mama alishika kifua. Lakini ni wa zamani, Bibi aliupata pengine angali mama kijana, na sasa umelala. Atapewa vidonge ili usiamke. Hakuna haja ya kambi, na hawezi kumwambukiza mtu kwa kula naye wala kulala naye chumba kimoja. Ulichobakiza ni uharibifu: ulimwua mlinzi wa miguu.

"Mlinzi yupi?" aliuliza Bibi.

Daktari alinielekezea kidole mimi. "Huyu alikanyaga moto, akapiga kelele, mama yake akaja. Mguu wake unapona. Wewe ulikanyaga moto, mguu ukanyamaza. Maumivu ndiyo mlinzi. Kwako amekufa, kwa hiyo macho yafanye kazi yake."

Ndipo nilipojifunza, kwa kichwa changu cha kitoto, kwamba maumivu si mzigo wa kutuliwa pwani. Nilihisi aibu kidogo kwa ajili ya miguu ya chuma niliyoitangaza kisimani, na huruma kubwa kwa Bibi, aliyeishi miaka yote hiyo bila mlinzi na sisi tukimsifu.

Mchana ule Bi Zaituni alitupakulia wali na kisamvu kwenye sinia moja kubwa, kama ilivyo kwao. Bibi alijivuta pembeni, kwa mazoea, akingoja sahani yake. Mama alimtazama. Nilimwona akisita, mkono uko hewani. Kisha akasema, "Mama, sogea, wali unapoa," na Bibi aliposogea, Mama alimega upande ule ule alikomega Bibi. Bi Zaituni alijifanya anatafuta chumvi.

Tulikaa Gongoni mpaka mvua za kwanza zikanyesha. Mguu wangu ulipona upesi, nikawa nacheza uani. Wa Bibi ulikwenda polepole, maana dawa yake kubwa ilikuwa kutoukanyaga, na kumkataza kutembea mtu aliyefika pwani kwa miguu si kazi ndogo. Kila Alhamisi Bwana Yohana alimtoa nyama iliyokufa, akamwosha, akamfunga. Mfupa mdogo uliokuwa umeoza ulitoka wenyewe. Hakukatwa kidole hata kimoja. Na Fundi Rajabu alimpima unyayo kwa mkaa juu ya karatasi, akamshonea katambuga za namna yake: chini tairi, juu yake tabaka la blanketi kuukuu, juu kabisa ngozi ya mbuzi. Alishona kwa uzi mnene tu. Bibi alipouliza kwa nini hapigi misumari kama mafundi wengine, alijibu, "Msumari ukitoboa, mimi nitapiga kelele. Wewe utatembea nao mpaka Puge."

Tulirudi. Kila jioni Bibi aliloweka miguu, akaipaka mafuta, akaninyooshea nimtazamie palipo na jeraha, katikati ya vidole na chini ya kisigino. Jikoni alikaa mbali na moto. Wembe wa kukwangulia sugu aliutupa chooni. Jirani walinong'ona mwanzoni, na wengine wakaacha kuchota maji nasi. Wakaona tunakula pamoja naye, hatupotezi kidole, wakachoka kunong'ona.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna karanga, mwanangwa wetu alikuja. Mwanangwa ndiye mkubwa wa kijiji, na huyu alikuwa mtu wa sauti kubwa, mwenye mabuti aliyopewa na serikali, ambayo hakuyavua hata akiwa shambani. Tulidhani ni majivuno. Aliwaacha watu wake njiani, akaingia uani kwetu peke yake, akaomba aketi. Akaanza kuzungumza habari za mvua. Akazungumza habari za kodi. Bibi alimsikiliza, kisha akasema, "Mwanangwa, vua mabuti."

Alivua. Soksi ilikuwa imegandamana na ngozi. Mimi nilikuwa mlangoni, na Bibi hakunifukuza. Aliuchukua mguu wa yule mtu mzito akauweka kwenye paja lake, akauinamia akiutazama kwa makini.

"Wanakata?" aliuliza mwanangwa, na ile sauti kubwa haikuwapo.

"Ukichelewa wanakata. Usipochelewa wanaosha."

"Nifanye nini kwanza?"

"Usifanye kitu. Usipake majani, usipake samadi. Nenda na hayo hayo mabuti, wataomba kuyaona, maana pengine ndiyo yanayokula mguu. Waambie kila ulichojitibu nacho, hata cha mganga, hawacheki. Na wakikufunika macho wakikuuliza kama unasikia, usimshike mtu mkono."

Hakuelewa la mwisho, na Bibi hakumweleza. Alinikonyeza mimi.

Mwanangwa alifunga kamba za mabuti polepole. "Mama," alisema bila kumtazama, yeye ambaye hakuwahi kumwita mwanamke yeyote wa kijiji kile mama, "mimi siijui nyumba yenyewe. Nitafika pale nitasimama wapi?"

Bibi alinituma nilete mtandio wake wa safari.

Alhamisi ilikuwa kesho yake. Asubuhi niliwasindikiza mpaka kwenye barabara ya malori, Bibi mbele na katambuga zake, mwanangwa nyuma akichechemea, na mara mbili Bibi alisimama katikati ya njia akijifanya anarekebisha mtandio, mpaka yule mtu akamfikia. Lori likaja, limejaa mihogo na watu. Dereva, alipomwona mwanangwa, aliruka chini akafungua mlango wa mbele kwa heshima, kiti cha karibu naye kikiwa kitupu.

Mwanangwa alitikisa kichwa. Alimshika Bibi kiwiko akampandisha pale mbele, akafunga mlango, akaenda nyuma akajitafutia nafasi juu ya mihogo.